Mwenyeheri Niels Stensen, Mwenye Elimu Aliyekiri Kwamba Hajui

Ndugu wakatekumeni, katika kichwa cha kila mtu Mungu ameweka ubongo. Kwa huo twaona, twasikia, na kukumbuka sala tulizofundishwa. Leo twawasimulia maisha ya mtu aliyeuchunguza ubongo kwa bidii, kisha akawa mtumishi mwaminifu wa Mungu.

Niels Stensen alizaliwa tarehe 11 Januari 1638 mjini Copenhagen, nchi ya Denmark. Baba yake alikuwa mfua dhahabu, nao wazazi wake walikuwa Waluteri. Alisomea uganga, na mwaka 1660 akaenda Amsterdam, Uholanzi. Huko, alipopasua kichwa cha kondoo, aliona mfereji mwembamba unaoleta mate mdomoni toka tezi iliyo karibu na sikio. Hata leo mfereji huo waitwa kwa jina lake. Baadaye alionyesha kwamba moyo ni msuli.

Mwaka 1665 alikuwa Paris, Ufaransa. Wenye elimu walikusanyika kumsikiliza juu ya ubongo. Yeye, badala ya kujisifu, alianza kwa kukiri kwamba juu ya ubongo hajui neno. Siku zile wengi walishika mafundisho ya Descartes, Mfaransa mwenye sifa kubwa, aliyesema kwamba roho hukaa katika kitezi kidogo kilicho katikati ya ubongo, nacho huinama huku na huku ili kuuongoza mwili. Stensen alionyesha kwamba kitezi hicho hakiwezi kugeuka hivyo, kwa maana mahali kilipo kimeshikwa. Hakumdharau Descartes, alifundisha tu kwamba kabla ya kueleza kazi ya kitu, yafaa kwanza kukitazama vema na kuzifuata nyuzi zake toka mwanzo hata mwisho. Wataalamu wa leo wajua kwamba ubongo una chembe za neva karibu bilioni 86, nao wangali wanazifuata nyuzi zile.

Mwaka 1669, huko Innsbruck, Austria, alipasua ndama mwenye kichwa kikubwa mno. Watu wengi wa zamani waliona kiumbe cha namna hiyo kuwa ndege mbaya. Stensen alikuta maji yamejaa kichwani na kuuharibu ubongo: ulikuwa ugonjwa. Nasi tulishike jambo hilo vijijini mwetu. Mtoto mwenye kichwa kikubwa, au mwenye kifafa, hakurogwa. Wala kifafa hakiambukizwi kwa mate au povu. Mgonjwa apelekwe hospitali, asifichwe nyumbani, wala jirani asishtakiwe uchawi.

Lakini swali kubwa la maisha yake halikuwa la ubongo. Mwaka 1666, mjini Livorno, Italia, aliona maandamano ya Ekaristi Takatifu, moyo wake ukashtuka. Ama Hostia ile ilikuwa mkate tu, na watu wale walijidanganya. Ama ilikuwa kweli Mwili wa Kristu, na mbona basi yeye hakuiabudu? Hakulikimbia swali hilo. Alisoma Maandiko na vitabu vya Mababa wa Kanisa, akauliza, akasali, hata Novemba 1667 akapokewa katika Kanisa Katoliki, ingawa sheria ya nchi yake ilikataza dini hiyo.

Mwaka 1675 alipewa upadri, na mwaka 1677 uaskofu. Alitumwa kuwatunza Wakatoliki wachache waliotawanyika kaskazini mwa Ujerumani. Aliuza pete yake ya uaskofu na msalaba wake, apate kuwasaidia maskini. Alifariki Schwerin tarehe 5 Desemba 1686, naye Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri tarehe 23 Oktoba 1988.

Wapenzi, wako kati yenu wanaonyamaza katika mafundisho kwa haya, wakiogopa kuchekwa, au wakidhani kwamba aulizaye hana imani. Kuuliza si ujinga, wala si dhambi. Huyu aliyepita wengi kwa elimu alikiri kwamba hajui, ndipo Mungu akamwongoza. Asiyeelewa fundisho na aulize kabla ya siku ya ubatizo. Naye akiisha kuuona ukweli, asirudi nyuma.

Mwenyeheri Niels Stensen, utuombee.