Maisha ya Carl Linnaeus, Mwandishi wa Viumbe

Msomaji afunguapo kitabu cha mimea ataona mara nyingi, nyuma ya jina la Kilatini la mti, herufi moja tu, yaani L. Herufi hiyo ni alama ya mtu mmoja, Carl Linnaeus wa nchi ya Uswidi, aliyefariki zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Mnazi, mkwaju, ufuta na mbuyu, yote ina majina aliyoyatoa yeye, na majina hayo yangali yakitumika ulimwenguni pote. Kwa hiyo twaona vema kuwasimulia wasomaji wetu habari za maisha yake. Tena twataka kuonyesha jambo lisilosemwa sana: ya kwamba kazi yake haikuwa kazi ya mtu mmoja, bali ya macho mengi, na ya kwamba pale alipoyaacha macho akayategemea maneno ya kusikia, hata yeye alikosea, na kosa lake moja limewaumiza watu wengi.

Carl alizaliwa mwezi wa Mei, mwaka 1707, mahali paitwapo Råshult, katika jimbo la Småland, kusini ya Uswidi. Baba yake, Nils, alikuwa msaidizi wa mchungaji katika usharika wa Stenbrohult, na baadaye akawa mchungaji wa usharika huo. Wazee wa Nils hawakuwa na jina la ukoo. Lakini alipokwenda chuoni ilimpasa kuwa nalo, akalitoa katika jina la mti mkubwa uliosimama katika shamba la jamaa zake. Basi jina la Linnaeus lenyewe ni jina la mti.

Nils alipenda sana bustani, na mtoto alikuwa kila mara karibu naye akiuliza majina ya maua. Akiisha kuambiwa alisahau, akarudi kuuliza tena. Hata siku moja baba akamkaripia, akakataa kumwambia jina jingine lo lote mpaka aahidi kuyashika yale aliyokwisha kuambiwa. Tangu hapo mtoto alijizoeza kukumbuka.

Wazazi walikusudia awe mchungaji kama baba yake, wakampeleka shule ya Växjö. Lakini kijana hakuyapenda masomo ya kumwandaa kwa kazi hiyo. Alipenda kwenda nje kutafuta mimea. Mwaka 1726 baba alikwenda shuleni kuuliza habari za mwanawe, na walimu wakamjulisha kwamba kijana hafai kwa uchungaji. Afadhali afundishwe ushonaji au kazi nyingine ya mikono. Nils alihuzunika, maana alikuwa amemsomesha miaka mingi kwa shida. Lakini mmoja wa walimu, tabibu Johan Rothman, alikuwa amemtazama kijana kwa namna nyingine. Alimshauri baba amwache asomee uganga, akamchukua nyumbani mwake, akamfundisha bila malipo.

Mwaka 1727 Carl aliingia chuo kikuu cha Lund, na mwaka uliofuata akahamia Uppsala. Alikuwa maskini hata akaziba matundu ya viatu vyake kwa karatasi. Mwaka 1729 alikuwa katika bustani ya chuo akitazama maua, ndipo alipokutana na mzee mwenye cheo katika kanisa kuu la mji, Olof Celsius, ambaye wakati ule alikuwa akiichunguza mimea iliyotajwa katika Biblia. Mzee alimwuliza habari za mimea, akastaajabia ujuzi wake, akampa chumba na chakula nyumbani mwake. Hivyo yule kijana aliyekataliwa na walimu aliokolewa mara mbili na watu waliokubali kumtazama vema kabla ya kumhukumu. Jambo hili msomaji alikumbuke, maana tutalirudia.

Mwaka 1732 chama cha wataalamu wa Uppsala kilimpa fedha kidogo asafiri peke yake mpaka Lapland, nchi ya baridi kali kaskazini. Akasafiri muda wa miezi mitano hivi, akiandika kila siku aliyoyaona. Wenyeji wa nchi ile, Wasami, walimwonyesha mimea ya chakula na ya dawa, hata nyasi wazitiazo viatuni ili miguu isigande. Kitabu chake juu ya mimea ya Lapland kilipigwa chapa mwaka 1737. Sehemu ya maarifa ya kitabu hicho ilitoka kwa watu wasiojua kusoma Kilatini, nao walikuwa waalimu wake wa kweli katika safari ile.

Mwaka 1735 alikwenda Uholanzi, akapata shahada ya utabibu, na mwaka huo huo akatoa kitabu chenye kurasa chache tu lakini kubwa sana, ambamo alipanga viumbe vyote kwa mafungu. Alirudi kwao mwaka 1738, akaoa mwaka 1739, na mwaka 1741 akawa profesa katika chuo cha Uppsala. Kabla ya wakati wake kila mmea uliitwa kwa maelezo marefu ya Kilatini, na kila mtaalamu alikuwa na maelezo yake, hata watu wawili waliweza kubishana siku nzima juu ya ua moja wasijue kwamba ni moja. Linnaeus aliupa kila mmea majina mawili tu, la kwanza la jamaa, la pili lake mwenyewe, mfano wa mtu na ukoo wake. Katika kitabu chake cha mwaka 1753 aliiandika hivyo mimea karibu ya namna 6,000, na mwaka 1758 akawafanyia wanyama vivyo hivyo.

Faida yake ilikuwa kubwa kuliko iwezavyo kuonekana. Majina mafupi yaweza kushikwa na mtu asiye mtaalamu. Mkulima, fundi, au mwalimu wa shule aweza kuandika katika daftari yake kwamba ameona mmea fulani, na mtu wa nchi ya mbali akajua bila shaka ni mmea upi. Mlango uliokuwa wazi kwa wachache ukafunguliwa kwa wengi.

Naye aliwaita wengi waingie. Wakati wa kiangazi aliwaongoza wanafunzi na wenyeji kutembea nje ya mji wa Uppsala, mara nyingine watu zaidi ya 100. Walivaa nguo nyepesi, na kila mmoja alikuwa na kazi yake: huyu kuandika, huyu kusimamia utaratibu, huyu kupiga ndege wa kuchunguzwa. Jioni walirudi mjini kwa tarumbeta na ngoma, wakiwa na maua kofiani. Wakubwa wa chuo hawakupendezwa na furaha hiyo, lakini watu waliendelea kuja.

Kazi nyingine haikuwa na ngoma, lakini kwetu yaonekana kuwa kubwa zaidi. Uswidi ni nchi ndefu, na baridi haitoki kila mahali kwa siku moja. Mkulima akipanda shayiri mapema, mbegu huharibiwa na baridi. Akichelewa, mavuno hayaivi. Kalenda haijui kama baridi ya mwaka huu imekaa sana, bali miti yajua. Basi Linnaeus alipanga watazamaji katika mahali 18, tangu mwaka 1750 hata 1752, waandike siku ambayo miti ya kila namna ilitoa majani. Mwaka 1753 mwanafunzi wake Harald Barck akatoa hesabu yake. Ikaonekana kwamba mti wenye gome jeupe, uitwao kwa Kilatini Betula, ukifunua majani yake, ndio wakati wa kupanda shayiri. Watazamaji wale hawakuhitaji chombo cho chote. Walihitaji macho, kalamu, na uaminifu wa kutoandika siku wasiyoiona.

Tena aliwatuma wanafunzi wake mbali, wapata 17, nao wakaitwa mitume wake. Wengine walirudi na mali nyingi ya maarifa, wengine hawakurudi. Wa kwanza, Christopher Tärnström, alikuwa mchungaji mwenye mke na watoto. Alifariki mwaka 1746 katika kisiwa kilicho karibu na nchi iitwayo sasa Vietnam. Mjane wake alimlaumu Linnaeus waziwazi kwa kuwafanya watoto wake yatima, na tangu hapo Linnaeus alichagua vijana wasiooa. Fredrik Hasselquist alifariki mwaka 1752 karibu na Smyrna, Pehr Löfling mwaka 1756 katika Venezuela, na Peter Forsskål mwaka 1763 katika Yemen, kwa homa ya malaria. Herufi ile ya L. tuionayo vitabuni imebeba pia kazi ya vijana hao, na machozi ya mama zao.

Sasa yatupasa kusema makosa yake, maana maisha ya mtu yasimuliwayo bila makosa si ya kweli. Kosa la kwanza ni dogo. Kila mwaka, kabla ya majira ya baridi, mbayuwayu hutoweka Ulaya. Watu wa zamani walidhani ya kuwa huzama maziwani, wakalala chini ya maji mpaka baridi iishe. Linnaeus alilikubali neno hilo akaliandika kuwa kweli, ingawa hakupata kuwaona ndege hao wakiishi chini ya ziwa. Kumbe ndege wale wako kwetu Afrika, wakiruka juu ya mashamba yetu, na mtoto ye yote angaliweza kumwonyesha.

Kosa la pili ni kubwa. Alimhesabu mwanadamu pamoja na viumbe vingine, akawagawanya watu kwa mafungu manne kufuata nchi na rangi. Na mwaka 1758 akaongeza habari za tabia zao. Watu wa Ulaya aliwasifu. Watu wa Afrika aliwaandika kuwa wavivu na wenye hila. Yeye hakukanyaga Afrika hata siku moja. Kama asingaliweza kuandika habari za ua bila kulitazama, mbona aliandika habari za mataifa mazima kwa maneno ya kusikia? Watu waliokuja nyuma yake waliyachukua maneno hayo, wakayafanya kana kwamba ni elimu, wakayatumia kuwadharau na kuwatesa wanadamu wenzao. Elimu ya leo imeyakataa kabisa. Tena yeye mwenyewe alikuwa amehukumiwa alipokuwa kijana na walimu wasiomtazama vema, angalipaswa kujua.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya huzuni. Tangu mwaka 1774 alipatwa na kiharusi mara kwa mara, na yule aliyewapa viumbe majina akapungukiwa na kumbukumbu, hata jina lake mwenyewe likamponyoka. Alifariki tarehe 10 Januari 1778, akazikwa katika kanisa kuu la Uppsala. Mwaka 1784 jamaa zake waliuza mimea na vitabu vyake kwa Mwingereza James Edward Smith, navyo vimehifadhiwa London mpaka leo.

Na makosa yake je? Lile la mbayuwayu lilisahihishwa na macho ya watu wa kawaida. Mwaka 1911 wakili mmoja wa Staffordshire, Uingereza, alimfunga mbayuwayu pete ndogo yenye nambari mguuni. Mwezi wa Desemba 1912 ndege yule akakamatwa Natal, Afrika ya Kusini, na mtu wa huko akaandika barua kutoa habari. Wawili hao hawakuwa maprofesa, lakini kazi yao ilionyesha wazi kosa la neno lililoaminiwa karne nyingi.

Kazi ile ya kuandika siku za miti nayo haikufa. Tangu mwaka 2008 watu wanaojitolea nchini Uswidi wanaifanya tena kwa pamoja, na kwa kulinganisha na daftari za zamani yaonekana kwamba majani sasa hutoka mapema kuliko hapo kale, kwa sababu ya joto la dunia kuongezeka. Katika Kenya, tangu mwaka 2013, watu wa kujitolea wanaandika ndege wa kila eneo ili ramani yao itengenezwe upya. Daftari ya mtu mmoja ni kitu kidogo. Daftari elfu zikikutana, nchi yajifahamu.

Basi wasomaji wetu, nanyi hasa walimu mnaotembea kutoka mtaa hadi mtaa, kazi hii iko wazi kwenu. Andikeni siku mwembe wa kwanza utoapo maua, siku mbayuwayu wafikapo na siku waondokapo. Andikeni tarehe, mahali, idadi, na jina la kiumbe katika lugha ya nyumbani, maana wazee wanaoyajua majina hayo wanapungua. Mliloliona liandikeni kuwa mmeliona. Mlilolisikia liandikeni kuwa mmelisikia, na kwa nani. Kama Linnaeus angaliishika sheria hiyo katika habari za watu kama alivyoishika katika habari za maua, tungalikuwa na sababu ya kumshukuru bila huzuni.