Mbaraka Mwinshehe: Masikio Yamerudi, Mikono Bado

Mbaraka Mwinshehe alizaliwa mwaka 1944, mwaka uleule ilipoanzishwa Morogoro Jazz, bendi iliyokuja kumpa jina. Alijiunga nayo katika miaka ya 1960, nchi ikiwa changa na muziki wa dansi ukiwa ndiyo habari ya mjini. Gitaa lake la solo na sauti yake viliifanya bendi hiyo iwe moto wa kuotea mbali. Mwaka 1970 alipiga hadi Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70 mjini Osaka. Mwaka 1973 akaihama, akaunda Super Volcano.

Radio Tanzania ilirekodi bendi na kuzirusha nchi nzima, lakini kiwanda cha santuri hatukuwa nacho. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi. Mbaraka alikwenda, na kibao chake "Shida" kikavuma Afrika Mashariki yote. Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari Mombasa. Alikuwa na miaka 34 tu.

Miaka ya 1990 zikaja redio binafsi, kompyuta ikashika nafasi ya bendi nzima, Bongo Fleva ikatawala. Mbaraka akabaki kwenye vipindi vya zilipendwa. Sisi tunaosomea ualimu tunajua hiyo -li- maana yake nini: jambo limepita. Sasa panda kosta ya Makambako kwenda Njombe uone. Dereva wa rika langu, miaka 22, anaimba Mbaraka mwanzo mwisho, na abiria wanaitikia.

Kwa hiyo muziki umerudi, ila nusu. Uingereza, vijana wa Oasis walipowapenda The Beatles hawakuishia kusikiliza. Walishika magitaa, wakaunda bendi, na miaka ya 1990 muziki ule ukawa wa kisasa tena. Kwetu vijana wengi wanazijua nyimbo, lakini gitaa la solo hawajawahi kuligusa. Siwalaumu. Wangeligusa wapi, wakati shule nyingi hazina hata ngoma?

Mwakani mimi naenda kufundisha, na wengi wenu pia. Mtu ambaye hajawahi kupiga atamfundisha nani? Ndiyo maana naomba serikali yetu ya wanafunzi ianzishe klabu ya bendi hapahapa chuoni. Ukumbi tupo nao, sauti zipo. Tuchangishane tununue magitaa mawili tu, moja la solo na moja la besi. Washkaji, nani yuko tayari?