ARKIDIKONI JOHNSON, MZEE WA ZIWA NYASA



Mwezi wa Oktoba unatukumbusha sisi wa Lundo, Liuli na vijiji vyote vya mwambao huu mtu mmoja aliyefariki Liuli mwaka 1928 na kuzikwa hapo hapo. Vijana wetu wengi wamelisikia jina lake, lakini wakiulizwa alifanya nini hujibu tu kwamba alikuwa Mzungu wa misheni. Basi tumeona vema kueleza maisha yake kwa ufupi. Hatutaki kumsifu mwanadamu kupita kiasi, bali tujifunze kwake namna ya kuyachukua Maandiko pamoja na mambo ya kila siku.

William Percival Johnson alizaliwa Uingereza, katika kisiwa cha Wight, mwaka 1854. Alisoma shule Bedford, kisha Chuo Kikuu cha Oxford. Alikuwa amekusudia kuingia kazi ya serikali huko India, kazi yenye mshahara mzuri na heshima. Lakini Askofu Edward Steere alikuwa akitafuta watu wa kwenda Afrika na UMCA, na kijana huyo akaiacha India. Alifika Unguja mwaka 1876, umri wake miaka 22.

Mwaka huo huo Askofu Steere alitoka Unguja na watu waliookolewa katika utumwa. Kusudi lake lilikuwa kuwarudisha bara, upande wa ziwa walikotoka wengi wao, lakini safari iliishia Masasi, na hapo wakaanza kijiji cha Kikristo. Johnson alikuwa pamoja nao. Mwaka 1878 alipewa upadre.

Hakutulia Masasi. Alikwenda Mwembe kwa Mataka, chifu mkubwa wa Wayao, akaishi huko kama mgeni wake. Kisha msafara wa watumwa uliotoka nchi ile ulikamatwa pwani, watu wakamshuku kuwa ndiye aliyepeleka habari. Mwaka 1881 mali yake ilinyang'anywa, akalazimika kuondoka. Mwaka uliofuata alijaribu tena, safari hii kwa miguu hadi ziwani pamoja na Padre Charles Janson. Walifika, wakaliona ziwa, lakini katika Februari 1882 Janson aliugua akafa huko Chia, upande wa mashariki wa ziwa. Johnson akabaki peke yake kati ya watu asiowajua, na kazi haijaanza bado.

Wengi wetu tungesema Mungu amekataa, turudi nyumbani. Johnson alirudi Uingereza kweli, lakini alikwenda kuomba meli. Alikuwa ameona kwamba vijiji vya Nyasa vimekaa ufukoni, na kwamba mtu mwenye chombo ataweza kuvifikia vingi. Wakristo wa Uingereza wakatoa fedha. Vipande vya meli vilipandishwa kwa mto Zambezi na mto Shire, vikaunganishwa Matope mwaka 1885, na meli ikaitwa kwa jina la marehemu, Charles Janson. Mwaka huo pia misheni ilianzishwa kisiwani Likoma, ambako watu walikuwa salama zaidi kuliko ufukoni, maana wakati ule mashambulio ya Wangoni yalikuwa yakiwatisha watu wa bara.

Katika shughuli hizo za meli macho yake yaliugua sana. Jicho moja lilipotea, na la pili likabaki dhaifu mpaka mwisho wa maisha yake. Hapa ndipo tunapomkumbuka Mtume Paulo katika sura ya 12 ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho, aliyeomba mara tatu aondolewe mwiba wake, naye akajibiwa kwamba neema inatosha. Mtu aliyebaki na jicho moja bovu ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Biblia kwa Chinyanja cha Likoma, kazi ya miaka mingi, hata Biblia nzima ikatoka mwaka 1912. Mtu wa namna hiyo hawezi kufanya kazi peke yake. Lazima ategemee macho na masikio ya walimu na wanafunzi wenyeji. Pengine ndiyo sababu alielewa mapema kuliko wenzake wengi kwamba Kanisa la hapa halitasimama bila mapadre wa hapa. Alipokuwa bado hai aliwaona Yohana Abdallah, Augustine Ambali na Leonard Kamungu wakipewa upadre. Huyo Kamungu alikwenda mbali mpaka Msoro, katika nchi inayoitwa leo Zambia, akafa huko mwaka 1913 akiwa kazini.

Mwaka 1895 ulikuwa mwaka wa machozi. Mwezi wa Agosti Padre George Atlay aliuawa na wapiganaji wa Kingoni. Siku chache baadaye, tarehe 2 Septemba, Chauncy Maples, rafiki wa Johnson tangu Oxford, aliyekuwa ametoka kufanywa Askofu, alikuwa akirudi Likoma kwa mashua. Dhoruba ikawakuta, mashua ikazama. Mabaharia Waafrika walijaribu kumwokoa, naye akawaambia wajiokoe wao. Amezikwa Nkhotakota.

Sisi tulio ziwani twaijua vizuri sura ya 4 ya Injili ya Marko, jinsi Bwana alivyoutuliza upepo. Lakini kati yetu wamo waliochukuliwa na ziwa baba, mume au mtoto, siku ambayo mwera haukutulia. Huuliza: kwa wale wa Galilaya Bwana aliamka, mbona kwetu alilala? Hatuna jibu la kuwapa kwa maneno. Twaona tu alivyofanya Johnson. Rafiki yake alizama katika ziwa lile lile, naye alipanda chombo tena, akaendelea kuvifikia vijiji. Imani yake haikuwa ya kusema kwamba dhoruba haitakuja. Ilikuwa ya kujua kwamba Bwana yumo chomboni, ikiwa tutafika ng'ambo hii au ng'ambo ile.

Mwaka 1896 alifanywa Arkidikoni wa Nyasa. Mwaka 1901 meli kubwa zaidi, Chauncy Maples, iliingia majini, nayo ikawa kanisa, shule na hospitali. Johnson alishuka kijiji kwa kijiji, akala chakula cha wenyeji na kulala penye nafasi. Bwana alipowatuma wale sabini, katika sura ya 10 ya Luka, aliwaagiza wale wanachowekewa. Agizo hilo laonekana dogo, lakini mhubiri anayekataa ugali wa muhogo na usipa wa mwenyeji wake, neno lake nalo litakataliwa.

Miaka yake ya mwisho aliishi Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba ule tunaouita Pomonda. Agosti 1914 vita vya Wazungu vilifika hata hapo, meli ya Waingereza ikaishambulia meli ya Wajerumani. Vita vikapita, Wajerumani wakaondoka, na mzee akaendelea na kazi. Alifariki Oktoba 1928, umri wake miaka 74, baada ya miaka 52 ya utumishi. Mwaka 2028 ni mwaka wa 100 tangu kifo chake.

Ndugu zetu, tujiulize. Yeye kwa jicho moja alitafuta neno la Mungu kwa lugha ya watu. Sisi tuna macho mawili, na Biblia imo nyumbani, lakini mara nyingi hukaa sandukuni pamoja na nguo za sikukuu. Yeye alivifikia vijiji kwa chombo na kwa miguu. Sisi twashindwa kumtembelea mgonjwa wa nyumba ya tatu. Tusingoje mwaka wa 100 ndipo tumkumbuke kwa ngoma na pilau. Wiki hii kila nyumba ichague sura moja ya Injili, isomwe jioni baada ya chakula, na asiyejua kusoma asomewe na mtoto. Kisha tumtembelee mtu mmoja aliyefiwa.

Bwana ampe mtumishi wake raha ya milele, na sisi atupe macho ya kuona. Amina.