Apolo Kivebulaya: Askari Aliyewatembelea Waliosahaulika

Kila askari aliyepata kulinda kituo cha mbali anafahamu kwamba upungufu wa chakula au risasi si taabu pekee iliyoko huko. Siku zikipita bila barua, bila mjumbe, wala mkubwa wa kuja kukagua, moyo hunyong'onyea, na mtu huanza kujiuliza kama bado anakumbukwa. Leo tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mtu aliyelijua jambo hilo vizuri, naye ni marehemu Kanoni Apolo Kivebulaya, aliyekuwa askari kabla ya kuwa kasisi.

Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864, akiwa mmoja wa mapacha, akaitwa Waswa. Ujana wake uliangukia katika miaka ya vita vya dini, naye alishika silaha, kwanza upande wa Waislamu na baadaye upande wa Waprotestanti. Mwaka 1891 alijiunga na msafara wa Kapteni Lugard ulioelekea magharibi, hadi Toro na pande za Ziwa Albert.

Msafara huo una uhusiano na ardhi tunayoikanyaga. Huko Kavalli, Lugard alimkuta Selim Bey pamoja na mabaki ya jeshi la Jimbo la Equatoria. Vituo vya jeshi hilo vya Lado, Gondokoro na Rejaf vilikuwa kandokando ya Mto Nile, karibu na hapa Thongpiny, Juba. Majeshi ya Mahdi yalipoikata njia ya Khartoum katika miaka ya 1880, askari wale walikaa miaka mingi bila mshahara, na karibu bila habari yoyote kutoka Cairo. Uvumi ukashika nafasi ya amri, kikosi kikagawanyika, na mwaka 1888 sehemu yao ikamwasi gavana wao, Emin Pasha. Hatuwezi kusema kwamba walikosa ushujaa. Walivunjwa na kule kuachwa peke yao.

Apolo aliporudi kutoka vitani alichagua kazi nyingine. Alibatizwa mwezi wa Januari 1895, akapelekwa Toro kuwa mwalimu wa dini. Jina la Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya, alipewa kwa sababu ya mavazi yake ya Kizungu. Mwaka 1896 alivuka Mto Semliki kwenda Boga, mahali palipojulikana wakati ule kwa jina la Mboga. Walimu waliomtangulia walikuwa wamekwisha kuondoka baada ya kunyimwa chakula. Yeye alishika jembe akalima.

Chifu wa Boga, Tabaro, hakupendezwa na mafundisho yake. Kisha likatokea jambo zito. Jamaa wa kike wa Tabaro aliuangukia mkuki wa Apolo uliokuwa umeachwa penye matete ya kujengea, akafa. Apolo alishtakiwa kwa mauaji, akapelekwa Toro na kutiwa gerezani, na kikundi kidogo cha waumini wapya kikabaki bila mwalimu. Lakini alipoachiliwa alirejea kwa watu wale wale. Hatimaye Tabaro mwenyewe naye akabatizwa.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903, akatumikia Toro kwa miaka mingi. Katika kipindi hicho Waingereza na Wabelgiji waligawana nchi, na mkataba wa mwaka 1910 ukaiweka Boga upande wa Kongo ya Wabelgiji. Waumini wa Boga wakatengwa na ndugu zao wa Uganda kwa mpaka ambao hawakuulizwa habari zake, na kanisa lao likadhoofika. Habari hizo zilipomfikia Apolo, hakuona kwamba mpaka ulimpa ruhusa ya kuwasahau. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50, alivuka tena Semliki kwenda kukaa nao.

Mwaka 1921 alianza kuingia katika msitu wa Ituri kwa Wambuti, watu wachache wanaohamahama, ambao jirani zao wengi waliwadharau. Makundi ya waumini yalikuwa madogo, na baina ya moja na jingine palikuwa na mwendo mrefu wa miguu. Apolo aliwatembelea, akawafundisha, akawapa habari za wenzao, kisha akaendelea na safari. Safari hizo aliziandika katika daftari zake za kila siku. Hakuoa, kwani mchumba wake alifariki kabla ya harusi. Mwaka 1922 alipewa cheo cha Kanoni wa Namirembe, naye angaliweza kustarehe mjini. Alirudi msituni.

Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Kabla ya kufa aliagiza azikwe kinyume cha desturi ya kwao, kichwa kikielekezwa magharibi, kwenye msitu ambao kazi yake ilikuwa bado haijakwisha. Makundi yale hayakufa pamoja naye. Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi, na mwaka 1992 Waanglikana wa nchi hiyo wakapata jimbo lao wenyewe la kanisa.

Sisi tuliovaa sare, Mkristo, Mwislamu au mfuasi wa imani nyingine, tunayo ya kujifunza hapa. Jeshi la Equatoria lilikuwa na bunduki, ngome na meli za mvuke, likavunjika kwa kukosa habari na uangalizi. Makundi ya Apolo hayakuwa na kitu ila mtu aliyekuja kwa miguu, nayo yakadumu. Basi kila afisa mwenye askari katika vituo vya mbali, na kila mkuu wa polisi mwenye kituo cha watu watatu au wanne njiani, afunge safari akawaone. Awapelekee barua zao, awape habari za wenzao na za nyumbani, asikilize shida zao. Na akiahidi kurudi, arudi.