BILALI JUU YA AL-KAABA

Lau ingaliwezekana kwetu kuishuhudia kwa macho saa moja katika tarehe ya Kiislamu, tungaliichagua saa moja ya siku ilipofunguliwa Makka, mwezi wa Ramadhani, mwaka wa 8 wa Hijra (630). Hatukusudii saa ya jeshi kuingia mjini, wala ya kuvunjwa masanamu 360 yaliyoizunguka Al-Kaaba, ingawa zote mbili ni saa tukufu. Twakusudia saa aliyopanda Bilali juu ya Nyumba hiyo akaadhini. Na haijui thamani yake ila amjuaye aliyepanda.

Bilali bin Rabah, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa mtumwa wa asili ya Kihabeshi, na mama yake ni Hamama. Bwana wake alikuwa Umayya bin Khalaf, mmoja katika wakubwa wa Makureshi. Uislamu ulipodhihiri, Bilali alikuwa katika watu wa mwanzo kuuingia, naye hana ukoo wa kumhami wala mali ya kujikomboa. Umayya akimtoa wakati wa jua kali, akimlaza chali juu ya mchanga uunguzao, kisha akiamrisha jiwe kubwa liwekwe kifuani pake, ili amkanushe Mtume s.a.w. Naye hakuwa na jawabu ila kukariri kwamba Mungu ni Mmoja. Mwisho Sayyidna Abubakar akamnunua na kumwacha huru.

Huko Madina, Abdullahi bin Zaid alipoota maneno ya adhana, Mtume s.a.w. alimwamuru amfundishe Bilali, kwani sauti yake ilikuwa nzuri zaidi. Basi akawa mwadhini wa kwanza wa Uislamu. Na katika vita vya Badri, mwaka wa 2, Umayya aliuawa, na Bilali ndiye aliyewapigia Waislamu ukelele walipokuwa hawajamwona.

Ilipofika siku ya Makka, Mtume s.a.w. aliingia ndani ya Al-Kaaba pamoja na Uthmani bin Talha mwenye ufunguo, na Usama, mwana wa Zaid aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, na Bilali. Kisha akamwamuru Bilali apande juu aadhini. Wakubwa wa Makureshi walikuwa wamekaa karibu. Mmoja wao alishukuru kwamba babake alikufa kabla ya kuisikia sauti ile mahali pale. Baadhi ya wafasiri wamesema kuwa kwa sababu hiyo iliteremka aya ya 13 ya Suratul Hujurat, ituelezayo kwamba aliye mtukufu mbele ya Mungu ni yule amchaye zaidi.

Alipofariki Mtume s.a.w. mwaka wa 11, Bilali hakuweza tena kukaa Madina na kuadhini. Alikwenda Sham kupigana jihadi. Sayyidna Umar alipofika huko alimwomba aadhini, na masahaba wakalia kwa kumkumbuka Mtume wao. Umar huyo, Mkureshi, akimwita Bilali bwana wetu. Alifariki Sham kiasi cha mwaka wa 20 (641).

Ndugu zetu Waislamu, ugonjwa wa wale wakubwa haukufa pamoja nao. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka wa 1897, na katika pwani yetu ya Kenya mwaka wa 1907, lakini bado umo ndimini mwa watu. Mtu husikia kisa cha Bilali msikitini akatokwa na machozi. Kisha kijana mcha Mungu, mwenye elimu na kazi ya halali, akija kumposa binti yake, huulizia babu yake alikuwa mtumwa wa nani! Je, huyu yuko pamoja na Bilali, au pamoja na wale waliokaa chini wakinung'unika?

Wako watakaotuletea mlango wa kufu katika vitabu vya fikihi. Twawajibu: kufu ni haki ya mwanamke na walii wake, nao waweza kuiacha, haikuwekwa iwe fimbo ya kuwapigia waja wa Mungu. Na imepokewa kwamba Bilali mwenyewe alimuoa Hala, dada yake Abdurrahman bin Auf, naye ni Mkureshi.

Saa ile imetupita, hatutaiona. Lakini adhana ya Bilali twaisikia mara tano kila siku, nayo yatuita sote katika safu moja. Mwenyezi Mungu atusafishe nyoyo zetu na kiburi cha nasaba. Amin.