Selous na Gobori Lililoshindiliwa Mara Mbili

Ukitoka Chamazi ukapita Mbagala na kushika barabara ya Kilwa, utafika Mkuranga, kisha Kibiti, kisha mto Rufiji. Ukiufuata mto kuelekea magharibi utaingia pori kubwa. Humo, mahali paitwapo Beho Beho, pana kaburi la mwindaji Frederick Courteney Selous.

Selous alizaliwa London, Uingereza, tarehe 31 Desemba 1851. Alipokuwa na miaka 19 alikwenda Afrika ya Kusini kutafuta pembe za ndovu. Mwaka 1872 alimfukuza twiga kwa farasi, akawaacha wenzake nyuma. Alipogeuka hakujua alikotoka. Alitangatanga siku kadhaa bila maji wala chakula, na usiku ulikuwa wa baridi kali. Mwaka huo huo alifika kwa Lobengula, mfalme wa Wandebele, kuomba ruhusa ya kuwinda tembo. Mfalme alimcheka kwa ujana wake, lakini alimruhusu.

Katika nchi ile mbung'o waliua farasi. Kwa hiyo Selous aliwinda kwa miguu, akitumia gobori zito. Risasi zake nne zilitimiza ratili moja. Baruti aliichota mfukoni kwa mkono tu, bila kipimo.

Siku moja gobori lilikataa kulia. Tembo walikuwa wanakimbia, na kila mtu alikuwa na haraka. Gobori likashindiliwa tena, baruti juu ya baruti na risasi juu ya risasi. Selous alipofyatua, lilimwinua likambwaga kifudifudi. Kitako kilivunjika. Shavu lake lilipasuka, na mkono wa kulia ukawa hauinuki.

Ndugu msomaji, tuangalie kosa lilikuwa wapi. Gobori lililokataa kulia bado lina baruti ndani. Huenda likalia baadaye kidogo. Kwa hiyo mdomo wake uelekezwe mbali na watu, na mwenye kulishika amwambie mwenzake kwamba halikulia. Neno hilo moja halikusemwa siku ile. Selous alipona, lakini baadaye alijuta kwamba aliwahi kutumia magobori ya namna hiyo.

Mwaka 1878 aliponea chupuchupu tena. Safari hii alikuwa juu ya farasi, lakini farasi alikuwa amechoka kabisa. Tembo jike aliyejeruhiwa aliwarukia. Farasi hakuweza kukimbia. Selous alianguka chini ya kifua cha tembo, akachomoka kwa kupenya katikati ya miguu ya nyuma. Mnyama aliyejeruhiwa hafuatwi na mtu aliyechoka.

Tusidhani alikuwa mtu wa kusifiwa kwa kila jambo. Mwaka 1890 aliwaongoza walowezi wa Cecil Rhodes kuingia nchi ya Washona, na nchi ikatwaliwa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, aliletwa Afrika ya Mashariki akiwa askari wa Kiingereza, mzee wa zaidi ya miaka 60. Tarehe 4 Januari 1917, pale Beho Beho, aliinua kichwa ili aone adui alipo. Alipigwa risasi akafa.

Mwaka 1922 pori la akiba lilipewa jina lake. Kaburi sasa limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019. Humo hakuna anayeruhusiwa kuwinda.