MKONO WA LIVINGSTONE

Mmisionari David Livingstone alirukiwa na simba mwaka 1844 huko Mabotsa, Afrika Kusini. Mfupa wa mkono wake wa kushoto ukavunjika. Mwalimu Mebalwe, Mkristo Mwafrika, alijitosa kumwokoa, naye akaumwa pajani.

Livingstone aliuguzwa Kuruman; hapo hapo akamchumbia Mary Moffat, wakaoana 1845. Mfupa haukuunga vizuri, na mkono haukurudia nguvu zake. Hata hivyo hakukata tamaa: alivuka Afrika kutoka Luanda hadi Quelimane, baadaye akafika hata Ujiji. Alipofariki mwaka 1873, mwili wake ulitambuliwa Uingereza kwa mfupa ule ule.

Ndugu uliyejeruhiwa, kovu lako si mwisho wa safari. Mungu angali ana kazi nawe. Amina.